Kobe wa Logo

Kobe wa Logo ni roboti ndogo ya sakafuni, au alama ndogo kwenye skrini ya kompyuta, inayotembea na kuchora mistari kwa kufuata amri za lugha ya programu iitwayo Logo. Alianza kutumika katika elimu ya watoto nchini Marekani karibu na mwaka 1970. Kutokana naye zimetokea lugha nyingi za programu za watoto zinazotumia picha, ikiwemo Scratch, pamoja na roboti nyingi za kuchezea zinazotumika shuleni leo.

Jina la Kiingereza la kifaa hiki halitofautishi sana kati ya kobe na kasa. Kwa Kiswahili jina linalofaa ni kobe, kwa kuwa hutembea nchi kavu, polepole, akiwa na gamba la duara mgongoni. Anayeonekana kwenye skrini mara nyingi ni pembetatu tu, ambayo ncha yake huonyesha upande anaoelekea.

Asili

Wa kwanza kutengeneza roboti za aina hii alikuwa William Grey Walter, mtaalamu wa ubongo aliyefanya kazi Bristol, Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliunda roboti mbili za magurudumu matatu, Elmer na Elsie, ambazo zilifuata mwanga na kukwepa vizuizi. Aliziita kobe kwa sababu ya umbo lao na mwendo wao. Kobe hao hawakuwa na programu: tabia yao ilitokana na jinsi nyaya zao zilivyounganishwa, wala hakuna aliyeweza kuwapa amri mpya bila kuwafungua.

Lugha ya Logo ilibuniwa mwaka 1967 katika kampuni ya Bolt, Beranek and Newman huko Cambridge, Massachusetts. Waliohusika hasa ni Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "neno", na sababu yake ni kwamba lugha nyingi za programu za wakati huo zilikuwa za kukokotoa namba, ilhali Logo ilitengenezwa kushughulika pia na maneno na sentensi. Misingi yake ilichukuliwa kutoka lugha ya Lisp.

Hapo mwanzo hapakuwa na kobe. Wanafunzi wa kwanza waliandika programu za kupanga maneno, kwa mfano programu inayochagua maneno ovyo kutoka orodha na kuyaunganisha yawe sentensi. Papert alisimulia baadaye habari za msichana wa miaka 13 ambaye sentensi za programu yake zilitoka zikiwa hazina maana mpaka alipoyatenga maneno katika makundi. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini walimu hutofautisha nomino na vitenzi. Zoezi hilohilo kwa Kiswahili lingekuwa gumu zaidi, na pengine lenye faida zaidi. Orodha ya nomino na orodha ya vitenzi hazitoshi, kwa sababu programu isiyojua ngeli itaandika "kiti anaanguka", na mtoto atalazimika kuifundisha mashine upatanisho anaoutumia kila siku bila kuufikiria.

Seymour Papert (1928–2016) alikuwa mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini. Kabla ya kuhamia Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, kinachojulikana kwa kifupi cha MIT, alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyojenga maarifa yao wenyewe. Papert alikubaliana na Piaget, lakini akaongeza kwamba mtoto hujenga maarifa vizuri zaidi anapokuwa anajenga kitu kinachoonekana. Kobe alikuwa jibu lake kwa swali la kitu gani mtoto anaweza kukijenga kwa hisabati. Mwaka 1971 yeye na Solomon walitoa waraka ulioorodhesha mambo 20 ya kufanya kwa kompyuta, nyakati ambazo shule nyingi hazijawahi kuiona hata moja. Kitabu chake Mindstorms kilitoka mwaka 1980.

Jinsi anavyofanya kazi

Kobe wa sakafuni alikuwa na kifuniko cha duara, magurudumu mawili yenye mota na kalamu katikati ya tumbo. Aliunganishwa na kompyuta kwa waya mrefu, naye alitembea juu ya karatasi kubwa iliyotandazwa chini. Kalamu ikishushwa, kobe huacha mstari popote apitapo. Ikiinuliwa, hupita bila kuchora.

Amri zake za msingi ni chache: kwenda mbele, kurudi nyuma, kugeuka kulia, kugeuka kushoto, kuinua kalamu na kuishusha. Amri ya kwenda hufuatwa na idadi ya hatua, na ya kugeuka hufuatwa na idadi ya nyuzi. Maneno yenyewe hutofautiana kulingana na toleo, kwani Logo ilitafsiriwa katika lugha nyingi, zikiwemo Kifaransa, Kihispania na Kijerumani. Katika mifano ifuatayo amri zimeandikwa kwa Kiswahili. Mraba huchorwa hivi:

MBELE 100 KULIA 90
MBELE 100 KULIA 90
MBELE 100 KULIA 90
MBELE 100 KULIA 90

Jambo la kuangalia hapa ni kwamba kobe hajui mahali alipo kwenye karatasi. Katika hisabati ya darasani mraba huelezwa kwa nukta nne zenye majina ya namba mbilimbili. Kobe anajua tu mbele yake ni wapi na kulia kwake ni wapi, kama mtu anayeelekezwa njia: nenda mpaka msikitini, kata kulia, nenda tena. Kwa hiyo mtoto asiyejua la kufanya anaweza kusimama, akajifanya kobe, akatembea mraba kwa miguu yake huku akisema kwa sauti kila anachofanya. Papert aliona hii kuwa siri ya kobe. Mtoto tayari ana maarifa ya jiometri katika mwili wake, na kobe humpa njia ya kuyatoa.

Dhana zinazofundishwa

Mtoto aliyeandika mistari minne inayofanana huchoka upesi, na uchovu huo ndio mlango wa dhana ya kwanza, yaani marudio:

RUDIA 4 [MBELE 100 KULIA 90]

Dhana ya pili ni utaratibu. Logo humruhusu mtumiaji kuifundisha neno jipya, na tangu hapo neno hilo hutumika sawa na amri zilizozaliwa na lugha yenyewe:

JIFUNZE MRABA
RUDIA 4 [MBELE 100 KULIA 90]
MWISHO

Baada ya hapo inatosha kuandika MRABA. Mraba huo una ukubwa mmoja tu. Mtoto akitaka mdogo na mkubwa, huacha nafasi ya namba wazi na kuipa jina:

JIFUNZE MRABA :UPANDE
RUDIA 4 [MBELE :UPANDE KULIA 90]
MWISHO

MRABA 20 humpa mraba mdogo, MRABA 200 mkubwa. Hicho ndicho walimu wa aljebra hukiita kigeu na kukiandika kwa herufi x. Tofauti ni kwamba hapa mtoto amekihitaji kabla ya kuambiwa jina lake.

Utaratibu unaweza pia kujiita wenyewe. Ufuatao unachora njia ya pembe kama gamba la konokono, kila upande ukiwa mrefu kuliko uliotangulia:

JIFUNZE KONOKONO :UPANDE
KAMA :UPANDE > 200 [ACHA]
MBELE :UPANDE
KULIA 90
KONOKONO :UPANDE + 5
MWISHO

Mstari wa pili ni sharti. Bila huo kobe angeendelea kuzunguka mpaka atoke nje ya karatasi, na watoto wengi huanza hivyo: huusahau, hucheka, kisha huuongeza.

Nafasi ya makosa

Mtoto aliyefaulu kuchora mraba hutaka kuchora pembetatu yenye pande tatu sawa. Shuleni amefundishwa kwamba kila pembe ya pembetatu hiyo ni nyuzi 60, hivyo huandika:

RUDIA 3 [MBELE 100 KULIA 60]

Kobe huchora nusu ya pembesita na kusimama. Mtoto hakukosea kuhusu pembetatu; pembe ya ndani kweli ni nyuzi 60. Lakini kobe hageuki kwa pembe ya ndani. Anapofika kwenye kona akiwa ameelekea mbele, lazima ageuke nyuzi 120 ili ashike njia ya upande unaofuata. Kwa mraba kosa hili halionekani, kwa kuwa pembe ya ndani na ya nje zote ni 90. Anayejifanya kobe na kutembea pembetatu atagundua jambo jingine: alipomaliza alikuwa ameelekea alikoanzia, yaani amezunguka mara moja kamili, nyuzi 360. Gawa 360 kwa 3 upate 120, kwa 4 upate 90, kwa 5 upate 72. Hapo ameshapata kanuni ya umbo lolote lenye pande sawa na pembe sawa, na hata ya kitu kinachofanana na duara:

RUDIA 360 [MBELE 1 KULIA 1]

Mfano mwingine unaojulikana ni wa nyumba. Mtoto mwenye utaratibu wa MRABA na wa PEMBETATU, wote wa upande wa hatua 100, huunganisha MRABA kisha PEMBETATU, akitarajia nyumba na paa lake. Paa hutokea ndani ya nyumba, limelala ubavuni. Kila utaratibu peke yake ni sahihi. Kilichokosekana kiko kati yao. Baada ya mraba kobe amerudi kwenye kona ya chini kushoto, akitazama juu. Inabidi kwanza apelekwe MBELE 100 hadi kwenye ukingo wa juu wa ukuta, kisha KULIA 30, ndipo PEMBETATU ikae mahali pake. Waandishi wa programu wazoefu hupoteza siku nzima kwa makosa ya namna hii, ambapo sehemu zote zinafanya kazi lakini moja haikujua nyingine imemwacha kobe wapi.

Papert aliipa hali hii uzito kuliko dhana yoyote nyingine. Darasani jibu huwa sahihi au si sahihi, na lisilo sahihi hufutwa na kusahauliwa. Programu, kwa upande mwingine, huwa haifanyi kazi mara ya kwanza hata kwa mtaalamu. Swali basi si kama umekosea bali kosa liko mstari gani, na kosa la kobe liko pale sakafuni, wenzako wote wanaliona na wanaweza kulijadili bila kumjadili aliyelifanya.

Kutoka maandishi hadi vipande vya picha

Logo huandikwa kwa herufi. Mtoto asiyejua kusoma hawezi kuitumia, na anayejua hukwama kwa kukosea herufi moja au kusahau mabano. Katikati ya miaka ya 1970 Radia Perlman, wakati huo akiwa MIT, alitengeneza mfumo ulioitwa TORTIS kwa ajili ya watoto wa umri wa kuanzia miaka mitatu hivi. Sehemu yake ya kwanza ilikuwa sanduku la vitufe. Nyingine ilikuwa mashine yenye safu za nafasi ambamo mtoto alichomeka kadi za plastiki, kila kadi ikiwa na picha ya amri yake. Kobe alipotekeleza kadi fulani, taa iliwaka kando yake, hivyo mtoto aliona kwa macho programu ikipita hatua kwa hatua. Safu zilikuwa na rangi, na kadi ya rangi fulani iliita safu ya rangi hiyo, nao huo ni utaratibu bila neno hata moja lililoandikwa. Perlman alijulikana baadaye kwa kazi yake katika mitandao ya kompyuta, na mfumo wake wa watoto ukasahaulika kwa miaka mingi.

Wazo la vipande lilirudi kwa nguvu mwaka 2007, Scratch ilipotolewa kwa umma na kundi la Mitchel Resnick katika maabara ya MIT iitwayo Media Lab. Resnick alikuwa mwanafunzi wa Papert. Katika Scratch amri ni vipande vya rangi vinavyoshikamana kama vya fumbo la picha: kipande cha marudio kina mdomo unaofungua na kukumbatia vipande vingine, na nafasi ya sharti ina umbo ambalo kipande cha namba hakiingii. Kosa la kisarufi haliwezekani, kwa sababu visivyoendana havishikani. Mahali pa kobe yupo paka, lakini ukoo unaonekana wazi: paka naye huenda hatua kadhaa na hugeuka kwa nyuzi, na kipo kipande cha kushusha kalamu. Kilichoongezwa ni matukio. Vitu vingi hufanya kazi kwa wakati mmoja na kupelekeana ujumbe, jambo ambalo katika lugha za maandishi hufundishwa kwa kuchelewa sana.

Vipande hivyo huondoa makosa ya tahajia na mabano, si makosa ya fikra. Pembetatu ya nyuzi 60 hukosewa katika Scratch vilevile kama ilivyokosewa katika Logo, na ni vizuri iwe hivyo.

Scratch inapatikana katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. ScratchJr, iliyotoka mwaka 2014, imekusudiwa watoto wa miaka 5 hadi 7, na vipande vyake vina picha pekee.

Roboti za kuchezea

Kobe wa sakafuni alikuwa ghali, na kompyuta za nyumbani zilipoenea katika miaka ya 1980 alihamia kwenye skrini. Hata hivyo vifaa vya kugusa havikutoweka. BigTrak, gari la kuchezea lililotolewa na kampuni ya Milton Bradley mwaka 1979, lilikuwa na vitufe mgongoni na liliweza kukumbuka amri 16. Katika miaka ya 1980 kundi la MIT liliunganisha Logo na matofali ya LEGO, na mwaka 1998 kampuni ya LEGO ilianza kuuza roboti zilizopewa jina la kitabu cha Papert, Mindstorms. Uuzaji wake ulisitishwa mwishoni mwa mwaka 2022.

Kwa watoto wadogo kinachojulikana zaidi ni Bee-Bot, roboti ya Uingereza yenye umbo la nyuki. Mgongoni ina vitufe vya mbele, nyuma, kushoto, kulia, kutulia, kufuta na kuanza. Kila hatua ni sentimita 15 na kila mgeuko ni nyuzi 90, hivyo hutembea vizuri juu ya mkeka uliogawanywa miraba. Watoto hukwama mahali pawili karibu kila mara. Kwanza, hubonyeza kitufe cha kulia wakitarajia nyuki asogee kulia, kumbe anageuka tu papo hapo. Pili, husahau kitufe cha kufuta. Nyuki hukumbuka amri za zamani na mpya huongezwa mwishoni mwake, basi anapoachiwa huanza kwa kwenda safari ya mwanafunzi aliyetangulia. Ni somo la kumbukumbu ya kompyuta ambalo hakuna mwalimu aliyelipanga.

Roboti ina tatizo ambalo skrini haina. Gurudumu huteleza, betri huishiwa nguvu, sakafu huwa na mteremko, na mraba ulioandikwa kwa usahihi haukutani mwisho na mwanzo. Mwalimu anaweza kuliona hilo kama kasoro ya kifaa. Anaweza pia kulitumia, kwa kuwa mtoto hujifunza kutenganisha kosa la programu na ukaidi wa dunia, kazi ambayo wahandisi hawaimalizi.

Ubishi kuhusu faida zake

Katika miaka ya 1980 Logo iliingizwa shuleni kwa kasi Marekani na Uingereza, ikiambatana na matumaini kwamba mtoto anayeandika programu atafikiri vizuri zaidi katika kila jambo. Roy Pea na Midian Kurland, watafiti wa chuo cha Bank Street huko New York, walipima matumaini hayo. Waliwalinganisha watoto waliojifunza Logo na wasiojifunza katika kazi ya kupanga mpangilio wa usafi wa darasa, na waliojifunza hawakuonyesha upangaji bora kuliko wenzao. Matokeo hayo yalipunguza sana shauku ya shule nyingi.

Papert alijibu mwaka 1987 kwamba swali limekaa vibaya. Kuuliza kama Logo inafanya watoto wafikiri vizuri, alisema, ni sawa na kuuliza kama mbao hutengeneza nyumba nzuri. Jibu hilo lina uzito, ila linakwepa kidogo, kwani aliyeahidi mengi katika kitabu cha mwaka 1980 alikuwa yeye mwenyewe. Msaada mkubwa zaidi ulitoka kwa Sharon Carver na David Klahr wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Wao hawakuwaacha watoto wagundue peke yao. Waliwafundisha waziwazi hatua za kutafuta kosa: eleza tofauti kati ya ulichotaka na ulichopata, kisia aina ya kosa, tafuta sehemu yake, kisha rekebisha. Watoto hao waliweza kutumia ujuzi huo nje ya kompyuta, katika kurekebisha maelekezo yaliyoandikwa ya kazi za kawaida. Kwa hiyo kobe peke yake hafundishi kufikiri. Anampa mwalimu mahali pazuri pa kulifundisha hilo.

Barani Afrika

Logo ilifika Afrika mapema. Mwaka 1982 Papert na Nicholas Negroponte walishiriki katika mradi uliodhaminiwa na serikali ya Ufaransa wa kupeleka kompyuta ndogo kwa wanafunzi wa Dakar, Senegal. Zaidi ya miongo miwili baadaye Negroponte alianzisha mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na Rwanda ikawa miongoni mwa nchi za Afrika zilizopokea kompyuta hizo kwa wingi. Ndani yake mlikuwa na kobe tena, safari hii akiongozwa kwa vipande vya picha. Nchini Kenya mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na sekondari uliidhinishwa mwaka 2022.

Ambapo hakuna kompyuta wala umeme, zoezi la kujifanya kobe hufanyika uwanjani. Miraba huchorwa ardhini kwa chaki au kijiti, mwanafunzi mmoja huwa kobe, na mwenzake huandika amri kwenye karatasi. Sharti la mchezo ni kwamba kobe afuate kilichoandikwa, si kilichokusudiwa. Hilo ndilo gumu kwa watoto: anayejua rafiki yake anataka afike kwenye mwembe huelekea kwenye mwembe, hata kama karatasi inasema ageuke kushoto.